Sisi Tuliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Aline wa kompyuta ameniomba niwaachie maandishi ninyi mnaobaki hapa kliniki, hasa wale wapya wa chumba cha kompyuta, ambao nawaona wanawasha mashine kabla hata hawajavua koti. Nilistaafu wiki tatu zilizopita. Kiti changu kimeshapata mtu, na nasikia amekishusha kwa sababu mimi nilikuwa nakipandisha mno. Sawa. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nimelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na kwa kuwa nusu yenu mnatoka Goma na Bujumbura, na mkiandikiwa Kinyarwanda mnanipigia simu kuuliza maana ya kila mstari.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza na ufagio, nikamaliza na kadi ya shingoni iliyoandikwa "Mshauri wa Mfumo". Kushauri nilishauri kweli. Kusikilizwa ndiyo habari nyingine.

Wazazi wangu walifariki ndani ya mwaka mmoja, baba kwanza, kisha mama. Nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu: Vedasto, Imakulata tunayemwita Ima, na Dativa aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mwalimu alinifuata nyumbani mara mbili ili nirudi shule. Mara ya pili alinikuta natwanga mihogo, Dativa mgongoni, akasimama kidogo halafu akaondoka bila kuniita. Shule yangu iliishia pale.

Ima alipokuwa na miaka sita alichomwa sindano ya penisilini kwenye zahanati, kwa sababu ya koo. Kabla hatujafika barabarani uso ulikuwa umevimba, midomo imebadilika rangi, na anavuta pumzi kwa sauti kama pampu ya baiskeli. Nilimbeba nikarudi naye mbio. Mganga akamwahi kwa dawa nyingine, kisha akaniambia, "Binti, huyu akichomwa penisilini tena, hutamkuta. Na mimi sitakuwepo kukukumbusha." Aliniandikia lile neno kwenye kipande cha karatasi. Nilikishona kwenye pindo la gauni lake. Gauni lilipochakaa nikakihamishia jingine, na jingine tena. Ile ndiyo kumbukumbu ya kwanza niliyowahi kutunza, na haikupotea hata siku moja. Nawaambia mapema kwa sababu yote yanayofuata yanamhusu Ima na kile kipande.

Tulirudi Kigali, kwetu Rwanda, tukiwa watu wazima. Nikapata kazi ya usafi kwenye kliniki ya Daktari Anastase pale Kabeza, wakati huo ikiwa na vyumba vitano na benchi moja. Chumba cha tano kilikuwa cha faili, na mwenye chumba alikuwa Mzee Silvestre, aliyesomea ukarani Bukavu na aliyevaa tai kila siku ingawa hakuna mgonjwa aliyewahi kumwona. Wiki yangu ya kwanza nilipangusa rafu zake. Nilitoa faili, nikapangusa, nikarudisha kila moja palepale ilipotoka. Aliniangalia asubuhi nzima.

"Weye, unajua kusoma?"

"Nimefika darasa la sita, mzee."

"Inatosha. Wale wenye diploma wananichanganyia tu. Kesho ufagio uuache mlangoni."

Alinifundisha miaka tisa, na karibu yote aliyonifundisha yalikuwa juu ya jalada, siyo ndani yake. Ninyi mliokulia hapa mnajua, lakini wageni hawajui: kwetu ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, na watu wasiojuana kabisa wanaweza kuwa na jina moja, la nyumbani na la ubatizo. Kwa hiyo Mzee Silvestre aliandika jina, halafu chini yake, kwa penseli, akaongeza jambo moja ambalo mtu mwingine hawezi kuwa nalo. "Anauza mkaa kwenye kona ya kinyozi." "Mama mkwe wa fundi saa." "Kovu shavu la kushoto, la mbwa." Na kwa mtu ambaye dawa fulani ingemdhuru, alipitisha sindano kwenye kona ya jalada akashona uzi mwekundu. Mtu akishika faili gizani, umeme umekatika, kidole chake kingeugusa uzi. Faili la Ima nilishona uzi huo mwenyewe, na ndani nikabandika kipande changu cha Karagwe. Ndiyo siku niliyoacha kukagua pindo za gauni za mwanamke mzima.

Jambo jingine nililojifunza kwa mzee lilikuwa la kamba. Daktari alipojenga chumba kipya cha faili, alitaka tuhamie Jumatatu ile ile. Mzee akakataa. Kwa wiki tatu alizunguka na kamba yenye mafundo, akipima rafu, akipima mlango, akihesabu hatua kutoka dirisha la mapokezi. Alichora kwenye karatasi kila rafu itakwenda wapi na ni faili zipi zitatangulia kutoka. Wauguzi walimcheka. Daktari mwenyewe alisimama mlangoni akasema, "Silvestre, unahamisha karatasi au unajenga daraja?"

"Ninahamisha watu wako, Docteur. Wengine ni wazito."

Wiki tatu bila faili hata moja kusogea. Halafu tulihama Jumapili moja, na Jumatatu saa moja asubuhi mgonjwa wa kwanza alipata faili lake kabla hajamaliza kusalimia. Hakuna aliyempongeza, kwa sababu hakuna aliyeona tatizo lolote. Kazi iliyopangwa vizuri ina bahati mbaya hiyo. Yule anayeharibu na kurekebisha mbele ya watu ndiye anayepigiwa makofi.

Mzee alistaafu, chumba kikabaki kwangu. Daktari akafungua tawi la Kimisagara, halafu la Masaka. Kila tawi likawa na faili zake, na mgonjwa aliyehama mtaa alianza upya kama mtoto mchanga. Kwa hiyo siku Daktari alipotangaza kwamba tutakuwa na programu moja ya matawi yote matatu, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Naomba mlikumbuke hili, maana baadaye nilisingiziwa kwamba naogopa kompyuta.

Wakaja vijana wawili, Patrick kiongozi na Aline msaidizi wake. Watu wazuri, wenye adabu, wakaniita Tantine, yaani shangazi, tangu siku ya kwanza. Niliwaandalia stuli mbili katika chumba cha faili. Nikapanga na faili ngumu za kuwaonyesha: wenye majina yanayofanana, wenye majalada mawili, wenye uzi. Stuli zile zilikaa tupu.

"Tantine, tutapita wiki ijayo," Patrick aliniambia. "Kwanza tuanze, tuwe na kitu cha kuonyesha."

Siku ya nne walikuwa na kitu cha kuonyesha. Skrini ya bluu, nzuri kweli, na alama ya kliniki inayozunguka. Daktari akapiga makofi. Niliuliza mpango uko wapi, niusome. Patrick akagusa kichwa chake, akatabasamu. Nikauliza yale maneno ya penseli ya juu ya jalada yataandikwa wapi.

"Hayo hayana nafasi, Tantine. Mfumo hauwezi kutunza habari za kovu la mbwa."

"Na mzio wa dawa?"

"Huo uko. Angalia, kisanduku hiki hapa. Iko sawa kabisa."

"Na mengine?"

"Mengine tutarekebisha mbele ya safari."

Jamani, hiyo mbele ya safari! Kwa miezi mitano nilisikia maneno hayo kila siku. Walijenga ukurasa wa mapokezi, wakaubomoa kwa sababu hawakujua kwamba mgonjwa wetu anaweza kuletwa na jirani asiyejua jina lake kamili. Walitengeneza ratiba ya miadi ikawapangia watu asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mtaa, na nchi nzima iko barabarani na majembe. Patrick mwenyewe alikuwa na jembe siku hiyo. Kila kosa lilichukua wiki kurekebishwa, na kila wiki ya kurekebisha waliiita maendeleo. Mimi nilibaki nang'aka. Lakini sikuwa na kitu cha kukipinga, na hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote. Mpango ulioandikwa ningeusoma, ningeweka kidole kwenye mstari, ningesema hapa mmekosea. Mpango uliomo kichwani mwa Patrick ningewekaje kidole?

Ndiyo maana sikujua jinsi walivyounganisha matawi. Hakuna aliyeniambia. Makarani walinakili faili za kila tawi, na za kwangu nilizihakiki mwenyewe. La Ima nililiangalia mara mbili, na pale penye mzio palisomeka "penisilini". Halafu usiku mmoja kompyuta ikaziunganisha zote. Walikuwa wameipa kanuni moja: jina likifanana, jinsia ikifanana na tarehe ya kuzaliwa ikifanana, basi ni mtu mmoja, na taarifa iliyoandikwa mwisho ndiyo ishike. Mtauliza kuhusu namba ya kitambulisho. Faili zetu nyingi zilifunguliwa kabla ya namba hizo, na watu wengi hufika kliniki kadi wameiacha nyumbani. Wangepita kukalia stuli, wangeliona hilo kabla ya chai ya saa nne.

Wiki ya uzinduzi nilipelekwa Masaka kukaa na watu wa mapokezi. Ima alikuwa amejenga huko. Alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikaoza, na nikamwambia aje asubuhi ile nikiwepo. Alifika na pikipiki, nikamwona akichechemea kuingia chumba cha sindano, akanipungia mkono. Nikafungua taarifa zake kwenye skrini nipate kufurahi kidogo. Dada na mdogo wake, tawi jipya, mfumo mpya.

Niliona imeandikwa kwamba amezaa mara nne. Ima hajawahi kuzaa. Nilisoma tena jina. Ni lake. Tarehe, ni yake. Nikashuka chini hadi penye mzio. "Hakuna."

Sina mbio tena, nina magoti. Lakini siku ile nilifika. Muuguzi, binti anayeitwa Klodina, alikuwa ameshavuta penisilini ndani ya sindano.

"Weka chini."

"Tantine, kuna nini? Nimemuuliza kuhusu mzio."

"Akasemaje?"

Klodina akamwangalia Ima. Ima ndiye aliyejibu, bado amekaa na mguu juu ya kiti. "Nimemwambia aangalie kwenye kompyuta. Si wewe uliniambia kila kitu kimeandikwa humo?"

Nilikaa chini, kwenye sakafu, kwa sababu kiti cha pili hakikuwepo. Miaka yote hii nilimzoesha asibebe kile kipande cha karatasi, kwamba dada amekiandika mahali pazuri zaidi. Klodina alipeleka sindano ile mbali. Ima alipewa dawa nyingine, na mguu ulipona. Nilipomweleza yaliyokuwa kwenye skrini, Ima akasema, "Kwa hiyo nimezaa wanne, na wewe hukuja hata na uji?" Ni mtu wa namna hiyo. Mimi sikucheka hadi mwezi uliofuata.

Wale watoto wanne walikuwa wa mwanamke mwingine wa Masaka, Imakulata kama yeye, jina la nyumbani kama lake, tarehe kama yake, hadi mwaka. Hana mzio wa kitu chochote. Kompyuta ilikuwa imewameza wawili ikatoa mmoja.

Mchana ule ule nilirudi Kabeza nikamkuta Patrick na Aline kwa Daktari. Patrick alikuwa amepauka, lakini bado alijitetea. "Tantine, ni bahati mbaya sana. Jina lile lile, sawa, linatokea. Lakini na tarehe ya kuzaliwa pia? Nani angewaza?"

"Ima amezaliwa lini kwenye mfumo wako?"

"Tarehe mosi Januari."

"Na mama yako mzazi, kwenye kitambulisho chake?"

"Tarehe mosi Januari."

"Baba yako?"

"Na yeye."

"Shangazi yako anayekupikia?"

"Tantine, basi."

"Na hujawahi kushangaa kwamba familia nzima mnakata keki siku moja?"

Aline aliinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanacheka, macho yana machozi. Ninyi vijana mliozaliwa hospitali mna tarehe zenu. Sisi wakubwa, tulipoandikishwa, asiyejua siku yake aliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka. Nchi imejaa watu wa tarehe mosi Januari. Patrick alilijua hilo tangu utotoni. Alilijua lakini hakuwahi kukaa chini na kazi iliyo mbele yake muda wa kutosha ili alikumbuke.

Daktari akasema kanuni ibadilishwe mara moja na tuendelee, kwa kuwa Ijumaa gari lilikuwa linakuja kuchukua faili za karatasi zikasagwe. Nikatoa ufunguo wa chumba cha faili mfukoni, nikamwonyesha, nikaurudisha.

"Unanifungia kliniki yangu mwenyewe?" akauliza.

"Sikufungii, Docteur. Faili zitatoka. Kwanza hawa wawili wakae kwenye stuli asubuhi sita, bila kompyuta. Halafu waandike kila watakachofanya, kwenye karatasi, na mimi nisome. Nikimaliza kusoma, ufunguo nitaurudisha mwenyewe."

"Na nikikufukuza?"

"Utatafuta mtu wa kukusomea penseli ya Silvestre."

Ijumaa gari lilikuja, likapiga honi, likaondoka tupu. Daktari hakunisemesha siku nne. Nilikwenda kazini kila siku saa moja kasoro, nikafungua, nikakaa. Siku ya tano waliingia wote wawili. Patrick alikuwa na daftari la shule lenye picha ya twiga, jipya, bado lina bei juu yake.

Sitawaambia kwamba walibadilika kwa siku moja. Asubuhi ya kwanza Patrick alichezesha miguu kama mwenye haja ndogo. Asubuhi ya pili Aline alianza kuuliza maswali. Asubuhi ya tatu walikuta wanawake saba wenye jina moja, wote wa tarehe mosi Januari, na Patrick akaacha kuchezesha miguu. Ya nne, Aline alikuwa ameshika faili la Ima, kidole juu ya uzi. Akaniuliza, "Lakini hii tarehe, Tantine, ni nani aliyeitoa? Wazazi hawakuwepo."

Ni mimi niliyeitoa. Tulipokuja Kigali niliwapeleka wadogo zangu wote watatu kuandikishwa. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Karani akauliza tarehe ya kwangu, nikasema sijui, akaandika. Akauliza ya Vedasto, nikasema andika hiyo hiyo. Ya Ima, hiyo hiyo. Ya Dativa, hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa mwaka tu, nao nilikisia. Karagwe alikuwepo mama mmoja, jirani yetu, aliyempokea Ima siku anazaliwa. Alijua ilikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Huenda hata siku aliijua. Barua moja tu ingetosha. Nilitaka tumalize, nilijiambia nitarekebisha baadaye. Yule mama alishafariki. Hakuna wa kuulizwa tena.

Nilimwambia Aline hayo yote. Hakuandika kitu. Patrick akasema polepole, "Kwa hiyo na wewe, Tantine, ulisema mbele ya safari." Ningempiga kofi, ila alikuwa sahihi.

Mpango walioandika ulijaza daftari la twiga na la pili lenye picha ya pundamilia. Niliusoma wiki mbili, na kalamu nyekundu. Niliweka kidole kwenye mistari mingi. Wakafuta, wakabishana, wakaenda Kimisagara kuangalia, wakarudi wakaandika tena. Wakati wote huo hakuna skrini hata moja iliyojengwa, na Daktari alipita mlangoni kila siku akiguna. Nilirudisha ufunguo siku niliyofika ukurasa wa mwisho. Walipoanza kujenga, walijenga kimya kimya, na siku ya kuzindua hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepiga makofi. Nilimkumbuka mzee na kamba yake.

Kwa hiyo ninyi wapya, stuli mbili bado zipo chumba cha faili. Nimemwambia anayekuja asizitoe. Kabla hamjagusa mashine, zikalieni. Mkiona aibu kukaa bila kuandika programu, chezesheni miguu, itapita.

Siku yangu ya mwisho Aline aliniita kwenye kompyuta ya mapokezi. Alitaka niandikishe upya taarifa za Ima kwa mkono wangu, katika mfumo unaofanya kazi sasa. Nikaandika jina. Nikaandika "dada yake alikuwa mtunza faili", kwenye nafasi ya lile jambo ambalo mtu mwingine hana. Kwenye kona ya skrini ukatokea mstari mwekundu nilipoandika penisilini. Halafu, kabla ya tarehe, likaja swali ambalo karani wa foleni ile hakuniuliza, wala mimi sikujiuliza: Je, siku ya kuzaliwa inajulikana?

Nilikaa nalo kidogo. Watu wawili nyuma yangu walikuwa wanasubiri kuandikishwa.

Nikabonyeza "Hapana".